Uzito wa Briji

Ukishalegeza nyuzi na kufungua skrubu tano, briji ya gitaa la besi la mtindo wa zamani huja mkononi, na kinachokushangaza kwanza ni wepesi wake. Ni bati la chuma lililokunjwa upande wa nyuma likasimama wima, basi. Juu yake vimekaa vikalio vinne vya nyuzi, kila kimoja na skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha, skrubu ndefu ya kukivuta nyuma na springi ya kukisukuma mbele. Pale bati lilipokuwa limelala, rangi ya gitaa imebaki changa. Haijaona jua, moshi wala jasho la mtu. Ndani ya doa hilo kuna kitundu, na kitunduni imechungulia ncha ya waya wa shaba uliobanwa miaka mingi hadi ukawa bapa. Nyuzi nne za unene wa kawaida zikikazwa mpaka kufika kwenye sauti zake huvuta kwa nguvu ya kilo 80 hivi, uzito wa mtu mzima, na bati hili ndilo lililokuwa likimbeba mtu huyo usiku na mchana bila kulalamika. Kando yake, juu ya meza ya fundi, imewekwa briji mpya: kipande kinene cha metali ya kusubu kilichopakwa kromu, kizito kiasi kwamba kikikudondokea mguuni utachechemea. Bei yake ingenunua seti tatu au nne za nyuzi nzuri. Je, inafaa?

Swali hili huzuka kila vijana wa besi wanapokutana, na majibu yake huja kwa kujiamini kukubwa. Mmoja ataapa kwamba mlio sasa unakaa, mwingine kwamba sauti imenenepa, wa tatu kwamba ametupa fedha zake baharini. Wazee wa dansi wakisikia mjadala huo hucheka kichinichini. Mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo hupenda kutajwa upesi, nami huwa naishuku kidogo, kwa sababu ni rahisi kuitamka ukiwa na jembe ambalo mpini wake haujalegea. Mkulima halisi huchagua jembe. Hulipima uzito, hulitazama makali, huligonga kwa ukucha asikilize. Anayekejeliwa na wahenga nadhani ni yule ambaye kuchagua kwenyewe kumekuwa kilimo, jua linapanda, mvua zinapita, yeye bado yuko dukani anauliza bei. Na kati ya hao wawili, ukimtazama mtu kwa mbali akiwa ameshika jembe, huwezi kumjua ni yupi.

Kazi ya briji yenyewe si siri. Uzi ukipigwa hutikisika kati ya ncha mbili, na mtikisiko ukifika kwenye kikalio sehemu yake kubwa hurudishwa, sehemu ndogo hupenya ikapotelea kwenye mbao. Ncha ikiwa nzito na imara, kinachorudishwa huongezeka na kinachopotea hupungua, kwa hiyo noti hukawia kufa. Hayo ndiyo wanayouza wauza briji, na kimsingi hawasemi uongo. Gitaa la umeme halihitaji mbao zake ziimbe ukumbini. Pikapu husikiliza uzi wenyewe, sumaku ikinusa chuma kinachopita juu yake, na nguvu yoyote inayozama kwenye mbao imeibwa kutoka kwa uzi. Lakini tazama sheria hiyohiyo inavyogeuka ukivuka bahari hadi Unguja na kuketi mbele ya kikundi cha taarabu ya jadi kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905. Kwenye kanuni, briji imesimama juu ya vipande vya ngozi iliyowambwa. Kwenye fidla imesimama juu ya ubao mwembamba. Huko kazi yake ni kukabidhi. Inaupokea mtikisiko na kuupitisha kwenye ngozi au ubao, ngozi au ubao uisukume hewa, na mtu aliyeketi mlangoni asikie. Mpiga fidla akitaka kuififisha sauti, hubana kipande kidogo cha mpira au mbao juu ya briji, na uzito huo wa gramu chache unatosha kuiziba ala mdomo. Uzito kule hunyamazisha, huku hurefusha. Kuna ala zinazoishi kwa kutoa na ala zinazoishi kwa kubana, na besi ya umeme imezaliwa bahili: haitoi chochote kwa hewa, inaweka kila kitu ndani ya uzi, na ukarimu wote imeiachia spika. Besi kubwa ya kusimama, ile inayopigwa kwa vidole nyuma ya waimbaji wa taarabu, ni ya kundi la kwanza. Inatoa ulichonacho uzi mara moja, kwa kifua chote, kisha imekwisha.

Na hiyo kubwa ya kusimama ndiyo aliyokuwa akishindana nayo Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alipotoa Precision Bass mwaka 1951. Briji yake ya kwanza ilikuwa na vikalio viwili tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, hivyo hapakuwa na namna ya kuuweka kila uzi kwenye urefu wake sahihi. Mwaka 1957 vikawa vinne, na umbo hilo la bati lililokunjwa ndilo ambalo viwanda vya dunia nzima vimeliiga mpaka leo. Watu wakilitazama husema mzee alibana matumizi. Pengine ni kweli. Alikuwa mtu wa kiwanda, na kiwanda huhesabu kila senti. Ila juu ya bati lile aliweka kifuniko cha kromu, na ndani ya kifuniko mlikuwa na kipande laini kilichogandamiza nyuzi zisilie sana. Jazz Bass zake za kwanza kabisa, kuanzia 1960, zilitoka kiwandani na vizimio vya vitambaa kwenye springi, kimoja kwa kila uzi. Yaani mtu yuleyule tunayemlaumu kwa briji dhaifu alikuwa anahangaika kuufupisha mlio, maana kwa masikio ya wakati wake ulikuwa mrefu mno. Masikio hayo yalikuwa yamelelewa na besi ya kusimama. Yalijua kwamba noti ya chini hufika, hugonga, huondoka.

Huko Detroit, mpiga besi James Jamerson aliendelea kuyaheshimu masikio hayo. Besi yake ilikuwa Precision ya mwaka 1962, na nyuzi zake nene za uso laini alijulikana kwa kutopenda kuzibadili; briji ilikuwa lile bati la kawaida, sponji likiwa mahali pake chini ya kifuniko. Kwa kidole kimoja cha shahada akatembea chini ya nyimbo za kampuni ya Motown ambazo hata leo zikipigwa harusini, iwe Detroit au Temeke, watu huacha sahani zao. Sikiliza noti zake: zinaondoka kabla hujazizoea, na nafasi zinazoachwa ndizo zinazokufanya utikise bega. Kisha ladha ikageuka. Miaka ya 1970 wapiga besi walitoka nyuma ya jukwaa wakaja mbele, wakaanza kuzigonga nyuzi kwa dole gumba na kuzichomoa kwa kidole cha pili, wakataka noti ing'ae na ikae. Shaba ya manjano ikawa fasheni. Briji iliyoitwa Badass ikajipatia jina. Geddy Lee wa kundi la Rush la Kanada aliifunga kwenye Jazz Bass yake, na waliompenda wakataka kama yake. Fender naye, uzeeni katika kampuni yake ya G&L, aliunda briji nene kuliko ile ya ujanani. Kwa hiyo chuma kizito kina nasaba halali. Kilizaliwa na muziki uliokuwa na njaa ya noti ndefu, na mtu anayepiga muziki huo leo ana haki ya kukitaka.

Muziki wetu ulikuwa na njaa ya nini? Sikiliza besi ya Tommy Malanga kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyochomoka ubavuni mwa Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978. Watu ambao hawajawahi kugusa gitaa huiimba besi hiyo kwa mdomo, jikoni, kwenye foleni, bafuni, na wakiiimba hawaruki vituo vyake. Wanajua pa kunyamaza. Besi ya dansi hukanyaga na kunyanyua mguu, na mguu usionyanyuka haumwachi mchezaji ageuke. Gitaa la ridhimu hupita katikati ya noti zake, tumba hupita, solo hutambaa juu, na wote wamepata njia kwa sababu besi imekoma kwa wakati. Noti ikikawia, njia inazibwa, na wimbo unakuwa daladala ya saa kumi na mbili jioni: kila mtu yumo, hakuna anayeweza kuinua mkono. Ndiyo maana ukimtazama mpiga besi mzuri wa dansi kwa karibu, utaona anafanya kazi zaidi baada ya noti kuliko wakati wa noti. Kidole cha kushoto kinalegea kidogo bila kuuacha uzi, mlio unakatika. Ukingo wa kiganja cha kulia unalala karibu na briji, unazigusa nyuzi pale zinapoanzia, na sauti inanona na kufupika kwa pamoja. Wimbo ukiingia kwenye chemko, kiganja kinanyanyuka nusu, nyuzi zinapewa pumzi zaidi, na watu waliokuwa wameketi wanajikuta wamesimama. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga, nao hawakuwa wakizungumzia ngozi ya ng'ombe peke yake.

Mtu akimwuzia mpigaji wa namna hiyo briji inayorefusha mlio, amemwuzia kazi. Sasa ana mlio mrefu zaidi wa kukata kwa mkono uleule.

Lakini nisijifanye kwamba wapigaji wetu wa zamani walikikataa chuma kizito kwa hekima. Hawakuwa na briji ya kubadili kwa sababu wengi wao hawakuwa na gitaa. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama ndicho kilichomiliki vyombo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, kama meza ya karani ilivyo ya ofisi. Mwanamuziki alikuja kazini, akapiga, akaacha. Mwimbaji akihama, na walihama sana, alihama na koo lake: Muhidin Maalim Gurumo aliondoka na sauti yake, akaingia nayo Mlimani Park, akaingia nayo Safari Sound, akarudi nayo Msondo, ile bendi ya chama cha wafanyakazi, na hakuna mwajiri aliyeweza kuifungia stoo. Mpiga besi alihama na vidole. Alikofika alikuta gitaa jingine, lenye shingo nyingine, nyuzi zilizozeeka kwenye vidole vya mtu mwingine, briji iliyopangwa na fundi asiyemjua, na jioni ileile alitakiwa jukwaani. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo kwa miaka na miaka muziki wa dansi ulivaa nguo ya kuazima, ukasitirika, na kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam zinashuhudia kwamba ulipendeza. Sitaki kuupamba uhaba ule. Fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na uzi mmoja wa besi ukikatika ulikuwa kikao. Huenda watu wale, wangepewa nafasi na pesa, wangenunua briji nzito wote kwa pamoja siku ya kwanza, na leo tungekuwa tunasifia mlio wao mrefu.

Turudi mezani kwa fundi, maana kuna jambo la ajabu hutokea pale. Karibu kila aliyebadili briji anasema amesikia tofauti, na siamini kwamba wote wanadanganya. Ila briji haibadilishwi nyuzi zikiwa zimekazwa. Lazima zitolewe, na zikishatolewa, nani atazirudisha kuukuu? Mtu aliyekwisha kulipia chuma kipya humalizia na seti mpya ya nyuzi, na seti mpya, kwa wiki mbili za kwanza, hung'arisha hata gitaa la mbao za sanduku. Kisha fundi hupanga urefu wa kila uzi upya, akilinganisha noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na ile ya kuguswa tu, anasogeza kikalio nyuma unywele, mbele unywele, mpaka zilingane. Hushusha nyuzi zilizokuwa juu mno. Hukaza skrubu za shingo zilizolegea tangu gitaa liingie nchini. Mwenye gitaa anapolichomeka kwenye amplifaya, amebadilisha vitu vitano na anahesabu kimoja, na kile kimoja ndicho kinachong'aa mbele ya macho yake. Macho nayo husikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na briji ikisifiwa hubeba sifa za nyuzi, za fundi na za bisibisi yake.

Tena uvujaji mkubwa wenyewe wa mtikisiko hauko pale anapotazama mwenye gitaa. Besi nyingi za shingo iliyofungwa kwa skrubu zina noti moja au mbili zinazokufa mapema kuliko nyingine, mara nyingi kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7. Unaipiga, inaanza vizuri, kisha inazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kinachoimeza ni shingo. Shingo ni ubao mrefu ulioning'inia hewani, una mtikisiko wake wa asili, na noti ikiangukia karibu na mtikisiko huo, shingo huanza kucheza nayo na kuinyonya nguvu. Unaweza kufunga briji ya uzito wa nondo huku upande wa pili uzi ukiendelea kunyonywa. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini shingo ni ghali, shingo ni ngumu kubadili, shingo ndiyo gitaa lenyewe. Briji inatoka kwa skrubu tano. Nafikiri wengi wetu tunazitengeneza nyumba zetu, ndoa zetu na hata nchi zetu kwa mpangilio huohuo: panapofikiwa na bisibisi ndipo tunapodhani pana tatizo.

Ipo kazi ya briji ambayo hakuna tangazo linaloitaja, nayo ni ile ya waya wa shaba uliolala chini yake. Waya huo huziunganisha nyuzi, kupitia bati, na ardhi ya saketi ya gitaa. Mwili wa mpigaji hudaka uvumi wa umeme kutoka kwenye taa na nyaya za ukumbi. Akigusa nyuzi, mwili wake unaunganishwa na ardhi hiyo na uvumi unanywea. Akiachia, unarudi. Ndiyo maana kwenye hafla zetu utamwona mpiga besi amesimama wima wakati wa hotuba ya mgeni rasmi, kiganja kimelala juu ya briji kwa heshima kubwa, wageni wakidhani ni adabu. Umeme wetu huja kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi mnene ni mizunguko 49. Kwa hiyo uvumi wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wa Kampala ni G iliyopanda kidogo, ikiimba chini ya kila wimbo tunaopiga, ikigombana na mpiga besi kila anapoishukia noti hiyo. Marekani, ambako mizunguko ni 60, uvumi wao umeangukia kati ya B flati na B. Fundi mwenye haraka akifunga chuma kipya na kuusahau waya, au akaulaza penye rangi nene usikutane na metali, mwenye gitaa atapata mlio mrefu zaidi na G isiyokwisha chini yake. Nimesikia besi za namna hiyo makanisani. Mhubiri alidhani ni jenereta.

Sasa nisionekane nimekaa upande wa bati milele. Pwani hii hula chuma. Chumvi ya hewani na jasho la kiganja hukutana kwenye zile skrubu ndogo za vikalio, na baada ya misimu kadhaa huota kutu ya rangi ya matofali, tundu la kifunguo cha pembe sita linaliwa likawa mviringo, na kikalio kinagoma kupanda wala kushuka. Besi ya namna hiyo haipangiki. Uzi wa E utakuwa juu, wa G utakwaruza freti, noti za juu zitapishana na kinanda, na mpigaji atavilaumu vidole vyake bure. Vilevile kuna briji za magitaa ya bei nafuu ambazo vikalio vyake hulegea na kuhamia pembeni ukipiga kwa nguvu, uzi ukatoka kwenye mstari wake katikati ya wimbo. Hapo hakuna falsafa. Ng'oa, weka nyingine, na ukipata yenye skrubu zisizoshika kutu, lipa hiyo nyongeza kwa moyo mweupe. Wala si lazima iwe nzito. Iwe inayoshika inapoambiwa ishike na kusogea inapoambiwa isogee. Wasiopungukiwa na hilo, wenye bati linalofanya kazi yake, wakitaka sauti nyingine wanazo njia za bei ya chai: kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na briji, nyuzi za uso laini, au kuusogeza mkono wa kulia vidole vinne kuelekea shingoni. Njia hii ya tatu ni bure kabisa na hubadili sauti kuliko chuma chochote nilichowahi kukisikia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hicho cha bure hakina hata mtu wa kukitembeza.

Basi kwa nini bado namwelewa kijana anayetaka ile nzito? Ninamfikiria mmoja wa hawa wanaopiga makanisani, maana siku hizi shule kubwa ya besi mijini kwetu ni kanisa, ibada mbili Jumapili na mazoezi katikati ya wiki. Amejifunzia kwenye gitaa la kwaya. Gitaa la kwaya lina ratiba, lina mwenye ufunguo wa kabati, lina mama mlezi anayeuliza nani alilikwaruza. Hakuruhusiwa kushusha uzi hata kidogo bila kuomba, na alipoomba aliambiwa litazoea. Kisha akakusanya, kidogo kidogo, akanunua la kwake Kariakoo, la mtumba, lenye jina la mtu asiyemjua limechorwa kwa msumari nyuma ya mwili. Siku anayopeleka briji mpya kwa fundi hatafuti mlio kukaa sekunde mbili zaidi. Ukimweleza habari za Jamerson na sponji atakusikiliza kwa adabu, "sawa mzee," na ataendelea kuhesabu noti za elfu kumi. Anafanya kile ambacho watu wa NUTA na Vijana hawakuweza kukifanya hata walipokuwa wakipigiwa makofi nchi nzima: anashika bisibisi bila kuomba ruhusa. Anachagua jembe kwa sababu jembe hatimaye ni lake, na sioni kwamba bei ya seti tatu nne za nyuzi ni kubwa kwa jambo hilo. Ningemshauri tu apime kwanza. Nafasi kati ya uzi na uzi kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender ni milimita 19 hivi, na zipo briji ambazo matundu yake ya skrubu hayalingani na yale yaliyoko kwenye mbao. Kutoboa matundu mapya karibu na ya zamani ni kuharibu gitaa kwa ajili ya pambo. Aangalie pia kimo, maana mwili mnene wa briji unaweza kuziinua nyuzi hadi zisishukike tena, na hapo italazimu shingo iwekewe kibanzi chini. Fundi mzuri atamwambia hayo kabla ya kupokea fedha.

Lile bati la zamani asilitupe. Akiuza gitaa siku moja, mnunuzi anayejua ataliulizia, na likiwepo bei hupanda. Asipotaka kulitunza, amwachie fundi wapunguziane kwenye ufundi; besi zisizo na briji kamili ziko nyingi mjini, na hata wiki haitapita kabla halijafungwa kwenye gitaa la mtu mwingine, vikalio vimepakwa mafuta, na huyo mwingine akilijaribu atawaambia wenzake kwamba mlio sasa unakaa.